Dokezo, Nukuu au Rekodi? Maoni juu ya Msamiati wa Programu ya Simu ya Kuweka Madokezo ya Sauti

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huwahusu wafanyabiashara, lakini msikilizaji naye ana mali yake. Mwanafunzi anayesikiliza mhadhara, mkalimani anayejiandaa kwa mkutano, ofisa anayesikiliza upya mazungumzo ya kikao: wote hawa huokota mengi kwa masikio na kuyapoteza kabla hawajaifikia kalamu. Ndiyo sababu zimetokea programu za simu ambazo kazi yake ni kumwezesha msikilizaji kuweka dokezo kwa sauti yake mwenyewe, hapo hapo anaposikiliza, bila kuandika.

Utendaji wa programu hizo si mgumu kuueleza. Mtu husikiliza mhadhara, kipindi kilichohifadhiwa au kitabu kilichosomwa, huku mikono yake ina kazi nyingine. Labda anapika, labda anapalilia. Likimjia wazo, hugusa kitufe kimoja. Simu husitisha sauti aliyokuwa akiisikiliza, hupokea maneno yake, kisha humrudisha pale alipoachia, au sekunde chache nyuma ili aupate mwanzo wa sentensi. Mwishoni huwa na orodha ya madokezo, na kila dokezo limefungwa kwenye mahali pake hasa katika sauti ile.

Fikra yenyewe si ngeni. Thomas Edison alipounda fonografu yake mwaka 1877, moja ya kazi alizoitarajia ifanye ilikuwa kupokea barua zinazosemwa kwa mdomo. Mwaka 2008 kampuni ya Livescribe ilitoa kalamu iliyonasa sauti huku mwenyewe akiandika, ili akiligusa neno aliloandika ayasikie yaliyokuwa yakisemwa wakati ule. Mwaka 2013 WhatsApp iliingiza ujumbe wa sauti, na tangu hapo watu wengi wa Afrika Mashariki wamezoea kusema na simu badala ya kuandika. Kilicho kipya kwetu ni kwamba vijana wetu wameanza kuziandikia programu hizi maneno ya Kiswahili.

Tumepata kuisoma rasimu moja ya maneno hayo, na kuyajaribu kwenye simu. Jina la programu na majina ya waliyoitengeneza hatutayataja, maana kasoro tutakazozieleza si zao peke yao. Zimo katika tafsiri nyingi za namna hii, na baadhi yake tumezifanya sisi wenyewe. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba uteuzi wa istilahi katika programu ya kusikiliza si suala la urembo wa lugha. Neno baya hapa humpotezea mtu alichokisikia, na pengine humnasa mwenzake asiye na habari.

Mema ya rasimu

Tuanze na haki. Watayarishaji hawakukimbilia kila neno la kigeni. "Sikiliza", "Endelea", "Kasi" na "Rudisha nyuma sekunde 15" ni maneno yanayoeleweka na mtu yeyote aliyewahi kutumia redio ya kanda. Tumefurahi pia kuona wameandika "Rudisha nyuma" wala si "Rudi nyuma". Kitufe ni amri ya mtumiaji kwa mashine, na mashine huirudisha sauti. Haimwambii mtumiaji arudi nyuma. Tofauti hiyo ndogo imekosewa katika programu nyingi kubwa kuliko hii.

Kadhalika wamejenga juu ya msingi uliokwisha kuwekwa. Tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya miaka ya 1970 hadi mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, Kiswahili kimejipatia maneno ya ofisi na ya kompyuta ambayo mtafsiri wa leo huyakuta tayari. Faili, kitufe, hifadhi na programu hayahitaji tena kutetewa. Kasoro za rasimu hii zinaanzia pale ambapo msingi huo haukufika.

Jina la kitu chenyewe

Kitu kikuu cha programu hii kimepewa majina manne: "noti ya sauti" katika ukurasa wa kwanza, "kumbukumbu" katika orodha, "rekodi" katika vitufe, na "dokezo" katika maelezo ya msaada. Mtumiaji mpya hana njia ya kujua kama ni vitu vinne au kimoja. Kanuni ya kwanza ya istilahi, kwamba dhana moja ipate neno moja, imevunjwa kabla mtu hajasema lolote.

Tuyapime majina hayo. "Noti" kwa Mswahili ni fedha ya karatasi, na kwa mwanamuziki ni alama ya sauti katika maandishi ya muziki. Maana hii ya pili ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa programu inahusu sauti. "Kumbukumbu" ni neno zuri, lakini limebeba mzigo mkubwa mno: kuna kumbukumbu za mkutano, kuna siku ya kumbukumbu, na kuna kumbukumbu ya simu, yaani nafasi yake ya kuhifadhi. Rasimu ina sentensi isemayo, "Kumbukumbu zako zimejaa." Je, madokezo yamezidi idadi, au simu haina nafasi? Sisi tuliisoma mara mbili tusijue tufanye nini.

Kwa maoni yetu "dokezo" ndilo lililo bora. Watumishi wa serikali wa Tanzania wanalifahamu kutokana na dokezo sabili, ile karatasi ipitayo kutoka meza hadi meza, na linakubali umoja na wingi bila taabu: dokezo, madokezo. Yupo atakayesema kwamba kudokeza ni kumtolea mwingine habari kidogo, tena kwa chinichini, na kwamba mtu hajidokezi mwenyewe. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Mtu anayesema maneno matano ili kesho akumbuke hoja nzima anajipa habari kidogo ya kumwongoza kwenye kubwa. Maana ya neno imepanuka hatua moja tu, na hatua hiyo msomaji huivuka bila kusaidiwa.

Sauti ya nani?

Hapa ndipo tunapoliona kosa kubwa zaidi la rasimu. Programu ina uwezo wa kufanya mambo mawili. Inaweza kupokea sauti ya msikilizaji anapotoa maoni yake, na inaweza kukata kipande cha sauti ya msemaji anayesikilizwa na kukiweka kando. Katika rasimu, yote mawili yanaitwa "rekodi". Matokeo yake ni orodha moja yenye sauti za watu wawili, na hakuna neno linalozitenganisha.

Mwalimu yeyote atatambua ubaya wa jambo hili. Tunawafundisha wanafunzi kutenga maneno yao na maneno waliyoyachukua kwa wengine, tunawaonyesha alama za kunukuu, tunawaadhibu wanapozisahau. Kisha tunawapa chombo kinachoyaita maneno ya mhadhiri na maneno ya mwanafunzi kwa jina moja. Vivyo hivyo kwa ofisa anayetayarisha taarifa ya kikao. Ni lazima ajue lipi alilisema mjumbe na lipi alilifikiri yeye alipokuwa akisikiliza.

Kiswahili kinayo maneno ya kutenganisha mambo haya. Sauti ya msikilizaji ni dokezo. Kipande cha sauti ya msemaji ni nukuu. Na pale programu inapoigeuza sauti kuwa maandishi, wanaisimu wamekwisha kutupatia unukuzi, neno la mzizi ule ule. Rasimu imetumia "Tafsiri sauti" kwa kazi hii ya mwisho, na hapo wafasiri tuna haki ya kulalamika. Hakuna lugha iliyobadilishwa; Kiswahili kilichosemwa kimeandikwa kwa Kiswahili. Siku programu itakapoweza kuandika kwa Kiswahili yaliyosemwa kwa Kifaransa, neno "tafsiri" litahitajika kwa kazi yake halisi, nalo litakuwa limekwisha kutumiwa kwingine.

Hatuna budi kukiri udhaifu wa pendekezo letu. "Nukuu" ni kitenzi na pia ni nomino, na kitufe kinachosema "Nukuu" hakielezi kama kinatenda au kinaonyesha. Udhaifu huo huo unao "rekodi". Rasimu ina vitufe viwili katika ukurasa mmoja, vyote vikiitwa "Rekodi": kimoja huanza kupokea sauti, kingine hufungua orodha. Mwenye macho huvitofautisha kwa duara jekundu. Lakini asiyeona hutegemea simu imsomee majina ya vitufe, naye husikia "Rekodi, kitufe", kisha "Rekodi, kitufe". Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya masikio imeandikiwa maneno yanayotegemea macho. Dawa ni kutoa kitenzi kamili penye kitendo, na nomino yenye kimilikishi penye orodha: "Sema dokezo" na "Madokezo yangu", "Chukua nukuu" na "Nukuu zangu". Maneno yameongezeka moja moja tu, na utata umeondoka.

Kusitisha, kukomesha, kufuta

Mmoja wetu aliijaribu programu akiwa anasikiliza mhadhara juu ya historia ya pwani. Alisema dokezo refu kiasi, akakatizwa na mgeni aliyebisha hodi, akagusa "Simamisha" akitumaini kuendelea baadaye. Aliporudi hakuna kilichobaki. Kwa watayarishaji, "Simamisha" ilikuwa na maana ya kuacha kabisa bila kuhifadhi; kwa mtumiaji, ilikuwa na maana ya kutua kidogo. Katika ukurasa wa kusikiliza, neno hilo hilo lilikuwa limetumika kwa maana ya kutua. Mtumiaji hakukosea, alilifuata neno alivyolifundishwa na programu yenyewe.

Kusimamisha hakusemi kama safari itaendelea. Basi husimama kituoni likaondoka, na saa mbovu husimama isiende tena. Kusitisha kunatokana na kusita, na mwenye kusita bado yumo njiani. Kukomesha kunatokana na koma, na kilichokoma kimekwisha. Tunapendekeza "Sitisha" kwa kutua, "Maliza na uhifadhi" kwa kumaliza salama, na "Acha bila kuhifadhi" kwa kutupa. Maneno matatu katika kitufe ni mengi, lakini mahali penye hasara isiyorudishika ufupi si sifa.

Hivyo hivyo kwa "futa" na "ondoa". Kuondoa ni kukitoa kitu mahali fulani, nacho kikabaki kwingine. Kufuta ni kukifanya kisiwepo. Rasimu huyabadilisha maneno haya kana kwamba ni mamoja. Aidha, kabla ya kufuta huuliza, "Je, una uhakika unataka kufuta?" Swali hilo lina maneno ya Kiswahili juu ya kiunzi cha kigeni. Anayeulizwa kama ana uhakika hufikiri juu ya uhakika wake, si juu ya kinachopotea. Lugha yetu ingesema: "Dokezo hili likifutwa halitarudi. Lifutwe?" Sentensi ya kwanza inatoa onyo, ya pili inaomba ruhusa, na kiambishi cha ngeli kinaonyesha bila shaka ni kitu gani kinachozungumzwa.

Suala la saa

Katika orodha ya madokezo tulikuta maandishi haya: "Dokezo liliwekwa saa 1:20." Tuliyaonyesha kwa wenzetu, na maana zilizotolewa zilikuwa nne. Yawezekana ni saa moja na dakika ishirini ya asubuhi au ya jioni, kwa hesabu ya Kiswahili. Yawezekana ni saa saba na dakika ishirini, kwa kuwa simu huhesabu kuanzia usiku wa manane au adhuhuri. Yawezekana ni saa moja na dakika ishirini tangu mhadhara ulipoanza. Na yawezekana ni dakika moja na sekunde ishirini tangu ulipoanza. Maana iliyokusudiwa ilikuwa ya tatu.

Wazungumzaji wa lugha nyingine nyingi hawana tatizo hili kwa uzito huu, kwa sababu hesabu yao ya saa na hesabu ya mashine ni moja. Kwetu ni mbili, na hesabu yetu si kosa la kusahihishwa. Inafuata mchana na usiku wa nchi zilizo karibu na ikweta. Basi tuweke kanuni mbili. Kwanza, mahali katika sauti paelezwe kwa muda uliopita: "dakika 80 tangu mwanzo". Pili, wakati wa siku ukiandikwa kwa tarakimu za mashine, kama 07:20, neno "saa" lisitangulie. Na likitangulia neno "saa", hesabu iwe ya Kiswahili na sehemu ya siku itajwe: "saa 1:20 asubuhi". Kuchanganya neno letu na hesabu yao ndiko kunakozaa miadi iliyokosewa.

Upatanisho wa kisarufi

Rasimu inasema: "1 madokezo zimehifadhiwa." Tusiwacheke waandishi wake. Aghalabu mtafsiri hupewa vipande vilivyotenganishwa: mahali pa tarakimu, nomino peke yake, kitenzi peke yake; naye hajui vitaunganishwa vipi. Lugha isiyo na ngeli huvumilia ukatili huo. Kiswahili hakivumilii, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba alama ya nomino yake.

Jambo hili halitatuliwi na mtafsiri pekee. Mtengenezaji wa programu hana budi kulijua. Kanuni za Unicode, ambazo watengenezaji wengi huzifuata, zimekwisha kukitengea Kiswahili nafasi mbili, ya umoja na ya wingi. Kilichobaki ni kuzijaza kwa sentensi nzima nzima: "Dokezo 1 limehifadhiwa", "Madokezo 5 yamehifadhiwa", "Nukuu 1 imehifadhiwa", "Nukuu 5 zimehifadhiwa". Mtafsiri anayeletewa vipande na avirudishe, aombe sentensi. Kukataa huko ni sehemu ya kazi yake.

Kipaza sauti na ridhaa

Tumeliacha mwisho jambo lililotufanya tuandike. Programu inapofunguliwa mara ya kwanza huandika: "Ruhusu programu itumie kipaza sauti." Kipaza sauti, katika Kiswahili cha kila siku, ni kile chombo anachoshika msemaji, na pia ni lile honi kubwa linalotangaza juu ya gari. Mtu anayetaka kusikiliza mhadhara ataona ni sawa kabisa kuruhusu honi, ili asikie vizuri. Kumbe ameruhusu simu imsikie yeye, na kila aliye karibu naye.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ilikuwa imetunga sheria yake mwaka 2019. Katika sheria hizi ridhaa ya mwenye taarifa ni jambo la msingi, na ya Kenya inataka ridhaa hiyo iwe ya hiari na ya mtu anayejua anachokiridhia. Mtu hawezi kuridhia asichokielewa. Kama neno lililotumika kuomba ridhaa lina maana mbili, na moja ni kinyume cha nyingine, je, ridhaa iliyotolewa ni ridhaa? Wanasheria watalijibu swali hilo kwa njia yao. Sisi tunasema tu kwamba kosa la mtafsiri laweza kuifanya ahadi ya sheria iwe maneno matupu kwa mtu asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili.

Kwa hiyo tunapendekeza "maikrofoni" kwa chombo kinachopokea sauti, na "spika" kwa kinachoitoa. Yote mawili ni ya mkopo, lakini yamekwisha kuzoeleka, na hayagongani. Kipenzi cha lugha asiye na uangalifu atapendelea "kipaza sauti" kwa kuwa ni cha kwetu. Neno la kwetu linalodanganya halina faida kwetu. Zaidi ya hayo, ombi lenyewe lielezwe kwa ukamilifu: "Programu hii itasikia na kuhifadhi sauti zilizo karibu na simu unapogusa Sema dokezo. Unaridhia?"

Muhtasari wa mapendekezo

Dokezo: maneno ya msikilizaji mwenyewe yaliyohifadhiwa kwa sauti.
Nukuu: kipande cha sauti ya msemaji kilichochukuliwa na msikilizaji.
Unukuzi: kuigeuza sauti kuwa maandishi katika lugha ile ile.
Sitisha: kuacha kwa muda, kwa nia ya kuendelea.
Maliza na uhifadhi: kuacha moja kwa moja, kilichosemwa kikibaki.
Acha bila kuhifadhi: kuacha na kutupa kilichosemwa.
Ondoa: kukitoa kitu katika orodha bila kukiharibu.
Futa: kukiharibu kitu kisipatikane tena.
Maikrofoni: chombo kinachopokea sauti.
Spika: chombo kinachotoa sauti.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ni ya mwisho. Hasa juu ya "nukuu" tungependa kupata maoni ya walimu: je, wanafunzi wenu wakiambiwa "chukua nukuu" watafahamu kuwa ni sauti, au watatafuta kalamu? Juu ya "dokezo" tunangoja neno la makarani na makatibu, ambao wamelitumia miaka mingi kuliko sisi. Na kwa vijana walioandika rasimu tunatoa shukrani. Wametupa kazi ya kusahihisha kwa sababu wao walithubutu kuanza. Tumekwisha kuwapelekea maoni haya, pamoja na ombi kwamba sentensi ya maikrofoni ibadilishwe kwanza, kabla ya nyingine zote.